Mawazo ya wanachama yanaishia kwenye "mengineyo", sasa chama kitapataje sera kutoka tawini?

MLETA UZI (Temeke)

Wakuu salaam.

Naomba leo tuongee kitu ambacho kwenye siasa zetu za hapa Dar hakiongelewi kabisa. Tukikaa vijiweni ni nani kahama, nani kakatwa jina, nani kachukua fomu, ila zile sera tunazosomewa kwenye kampeni zimetoka wapi na nani alikaa akaziandika hakuna anayeuliza. Mimi ni katibu wa tawi huku Temeke, chama sikitaji kwasababu jamaa zangu wa vyama vingine wananiambia kwao ni hivyohivyo, na pia sitaki uzi ugeuke ugomvi wa rangi za bendera.

Kikao cha tawi wengi mnakijua. Kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa kutoka juu, maandalizi ya ziara ya kiongozi, michango, halafu mwisho kabisa mengineyo. Sasa angalieni mwanachama wa kawaida anaingilia wapi. Kuanzia mwanzo mpaka kwenye michango yeye anasikiliza tu. Zamu yake ya kuongea ni kwenye mengineyo, na muda huo giza limeingia, watu wanawaza foleni ya daladala, mwenyekiti ameshaanza kukusanya karatasi zake. Mtu anasimama anaongea jambo zito kabisa kuhusu mikopo ya halmashauri au bili za maji, anajibiwa "tumelipokea tutalifikisha", kikao kinafungwa. Kwenye muhtasari inaandikwa "wajumbe walichangia mambo mbalimbali". Hilo jambo halifiki hata kata.

Watu wakisikia "chama kishirikishe wanachama" wanawaza kukusanya maoni, yaani fomu zigawiwe, sanduku liwekwe, watu waseme. Jamani kukusanywa maoni nchi hii tumekusanywa sana. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991 na 1992 ilizunguka ikauliza watu wanataka chama kimoja au vingi, karibu asilimia 80 wakasema kimoja, na bado tume ikapendekeza vingi, na Julai 1992 tukaanza vyama vingi. Wapo mpaka leo wanaosema wananchi walipuuzwa. Lakini ukifuatilia utaona tume haikuhesabu vichwa tu, ilisoma na walichokisema, ikaona hata kati ya hao waliotaka kimoja wengi wao walitaka mfumo wenyewe ufanyiwe mabadiliko. Unaweza ukaikubali hiyo hesabu au ukaikataa, ila sababu iliandikwa, mtu anaweza kuishika mkononi akaipinga. Ikaja tume ya katiba mpya ya Jaji Warioba, mabaraza ya katiba mpaka wilayani, rasimu ya pili ikatoka Desemba 2013 ikiwa na Muungano wa serikali tatu, Bunge Maalum pale Dodoma mwaka 2014 likaja na serikali mbili. Sitaki tubishane hapa mbili au tatu. Mimi nawaza yule mtu aliyetoka nyumbani kwake akaenda kutoa maoni, nani alirudi kumwambia maoni yako tuliyaacha kwasababu hii na hii?

Ndani ya vyama ndio kabisa. TANU katikati ya miaka ya 60 ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi, na kwa mpango wenyewe balozi kazi yake ilikuwa ya pande mbili, apeleke juu yanayosemwa na watu na ashushe chini yaliyoamuliwa. Azimio la Arusha lenyewe Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, tarehe 5 Februari likatangazwa, na baada ya hapo kazi ya matawi ikawa kulieleza na kuliunga mkono. Naliheshimu sana Azimio ila nasema ule upande wa kushusha ulishika kasi na ule wa kupandisha ukabaki nyuma, na vyama vyote vilivyozaliwa baadaye vimerithi huo mwendo, vya upinzani pamoja.

Ngazi tunazo tele. Shina au msingi, tawi, kata, jimbo, wilaya, mkoa, wengine wana kanda, halafu halmashauri kuu au baraza kuu, kamati kuu, mkutano mkuu. Na msiniambie hizi ngazi hazifanyi kazi maana kwenye kuchuja wagombea zinafanya kazi vizuri sana. Jina la mgombea likitoka huku chini lina fomu, lina mapendekezo ya kila kikao, kuna muda wa rufaa, na kuna mtu juu analisubiri. Wazo la sera likitoka kata hiyohiyo halina hata kipande cha karatasi. Hii ndio inaniuma, kwasababu inaonyesha uwezo tunao na mtandao tunao, ila tumeamua utumike kwa majina tu.

Nje huko wengine wamefanyaje? Afrika Kusini mwaka 1955 kabla ya ule mkutano wa Kliptown, ANC na wenzao walituma watu wa kujitolea mitaani, viwandani na vijijini kuuliza watu wanataka nchi ya namna gani, majibu yakaja mengine yameandikwa kwenye vipande vya karatasi, kamati ikayapanga yakawa Hati ya Uhuru, ikasomwa kipengele kwa kipengele mbele ya wajumbe wapatao 3,000 tarehe 25 na 26 Juni, na polisi wakavamia siku ya pili. Hiyo ni chini ya makaburu na hakuna simu ya mkononi hata moja. Mpaka leo ANC wana mkutano maalum wa sera, tofauti na ule wa kuchagua viongozi, unafanyika miezi kadhaa kabla, na kabla ya hapo matawi yanatumiwa karatasi za mjadala wazipitie. Ule mkutano wa Polokwane Desemba 2007 wote tunaukumbuka kwa Zuma kumshinda Mbeki, lakini wajumbe haohao walipitisha na azimio la kuvunja kile kikosi cha uchunguzi cha Scorpions na kweli kikavunjwa. Lilikuwa azimio zuri au baya ni mjadala mwingine, mimi ninachotaka muone ni kwamba karatasi ya mkutano ilikuwa na meno.

Uingereza wale Liberal Democrats wana utaratibu naupenda. Kinaundwa kikundi kazi cha wanachama wanaolijua jambo, kinatoa karatasi ya maswali kwanza, wanachama wanajibu, ndio inaandikwa karatasi ya sera, inapelekwa kwenye mkutano, wajumbe wanaweza kuibadilisha mstari kwa mstari halafu wanapiga kura. Hapo sera ni ya mkutano, sio ya mwenyekiti. Na walipokwenda kinyume wakaona. Msimamo wa chama ulikuwa kufuta ada za vyuo vikuu, viongozi wakaingia serikali ya mseto mwaka 2010, Desemba mwaka huohuo bunge likapitisha ada iweze kupanda mpaka pauni 9,000 na mawaziri wao wakaunga mkono, uchaguzi wa 2015 wakashuka kutoka wabunge 57 mpaka 8. Zilikuwepo sababu nyingine pia, ila hiyo ya ada walitupiwa usoni kila kona.

Sasa wazo linakuwaje sera, hapa ndio kazi yenyewe ilipo na ndio watu wanapachoka. Chukua hili linalosemwa kila kikao huku kwetu, "mikopo ya asilimia kumi hatuioni". Hayo ni malalamiko, na malalamiko ni mali, usiyadharau, ila bado sio sera. Kaa chini na aliyelalamika. Hii asilimia kumi ni ya mapato ya ndani ya halmashauri, sheria inasema nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo ya usimamizi kuibuliwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa yeye shida yake ni ipi hasa? Hakupata taarifa? Alinyimwa? Au hana kikundi, maana masharti ni vikundi, na yeye anauza samaki peke yake Feri na hana hamu ya kudhaminiana na watu asiowajua? Ikiwa ni hiyo ya mwisho basi wazo lake ni mtu mmojammoja akopeshwe. Sawa, je hiyo inabadilishwa wapi, sheria au kanuni? Nani atamdhamini? Halmashauri ya hapa mjini yenye mapato makubwa inaweza, je ile ya pembezoni ambayo mapato yake ya ndani ni kiduchu? Nani atapinga na kwa hoja gani? Ukimaliza hayo maswali unayo nusu ukurasa ambayo mbunge anaweza kusimama nayo bungeni, na yule muuza samaki akiisoma anaona neno lake limo.

Kwahiyo mimi napendekeza mambo machache tu. Mawazo ya wanachama yatoke kwenye mengineyo yawe ajenda kamili, tena mapema, kabla ya taarifa za juu. Kila wazo liandikwe na lipewe namba, tarehe na tawi lilikotoka. Kata ikilipokea ina muda maalum wa kujibu, na jibu linasomwa kwenye yatokanayo ya kikao cha tawi kinachofuata, hata kama jibu ni hapana. Juu kuwe na dawati la sera la kudumu ambalo haliamki mwaka wa uchaguzi tu. Na ilani ikitoka iwe na kiambatisho kinachoonyesha nini kilitoka wapi na nini kiliachwa na kwanini.

Naomba michango, hasa makatibu wenzangu wa matawi na kata, na kama yupo aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kuandika ilani atuambie inavyokuwa.

MCHANGIAJI (Kariakoo)

Mkuu umeandika vizuri ila unaongea na ukuta. Ilani inaandikwa na watu wachache wamekaa hotelini, wataalamu na washauri, muda umebana kampeni iko mlangoni. Hata kama yangekuwepo mawazo ya matawi nani ana muda wa kuyasoma. Na hao wanachama unaowatetea ukiwaita kikao cha sera hawaji, ukiwaita kura za maoni za kuchuja wagombea wanajaa mpaka barabarani maana wanajua kuna chochote kitu. Tusidanganyane, mwanachama wetu shida yake ni posho.

MLETA UZI

Mkuu hiyo ya kura za maoni naiona kwa macho yangu siwezi kuikataa. Ila jiulize kwanini. Kwenye kura za maoni mtu kura yake inahesabiwa palepale mbele yake na jioni anajua nani kashinda. Kwenye kikao cha sera anaongea, halafu hilo jambo halisikii tena maisha yake yote. Hata mimi ningebaki nyumbani. Mtu anakwenda pale ambapo kwenda kwake kunabadilisha kitu, na kama sasa hivi kitu pekee anachoondoka nacho ni nauli basi ataifuata nauli.

Wataalamu siwapingi kabisa, tena nawataka sana maana huku tawini hatuwezi kupiga hesabu za bajeti wala kuandika muswada. Ninachokataa ni mtaalamu kuanza na karatasi nyeupe wakati mama lishe wa Tandika anajua ushuru unachukuliwa na nani, saa ngapi, risiti inatoka au haitoki. Kuhusu muda ndio maana nasema dawati liwe la kudumu. Sera ikianza kuandikwa kampeni ikiwa mlangoni haina pa kupita zaidi ya hotelini.

MCHANGIAJI (Sinza)

Bro mbona unahangaika na madaftari 😅 tengeneza app, mwanachama anaingia na namba ya kadi, anapost wazo, wenzake wanalipigia kura, yale kumi ya juu yanaenda mkutano mkuu. Kwisha. Siku hizi hata kikoba wana grupu la WhatsApp, chama kizima kinashindwaje?

MLETA UZI

Mdogo wangu hilo wazo sio baya na sio geni, ndio maana napenda tuangalie waliojaribu. Ujerumani kuna chama cha Pirates, walikuwa na programu inaitwa LiquidFeedback, mwanachama analeta pendekezo, wenzake wanaliboresha, wanapiga kura, na unaweza hata kumkabidhi mwenzako unayemwamini kura yako kwa jambo fulani. Mwaka 2011 wakapata asilimia 8.9 kwenye uchaguzi wa Berlin watu wakasema ndio siasa mpya hii, uchaguzi wa taifa 2013 wakapata asilimia 2.2. Mle ndani waliokuwa wanashiriki kwa dhati walikuwa kundi dogo, na wakabishana muda mrefu kama kura ya mle ni maamuzi ya chama au ushauri tu. Italia nako chama cha Five Star walikuwa na jukwaa lao la mtandaoni la Rousseau, likaendeshwa na taasisi iliyo nje ya chama, walipogombana mwaka 2021 chama kikajikuta kinahangaika kuidai orodha ya wanachama wake chenyewe. Fikiria hilo kwa hapa kwetu, orodha ya wanachama wote na walichosema iko kwenye kompyuta ya mtu.

Na kura za mtandaoni zinapandisha wazo linalopendeza, sio lazima lililokomaa. "Futa tozo zote" litapata kura nyingi kuliko "badilisha kanuni ya nane". Kwahiyo simu itumike kupokelea, hata kwa meseji ya kawaida maana kwenye tawi langu wenye kiswaswadu ni wengi, ila kulikomaza wazo kunataka watu wakae uso kwa uso waulizane maswali. Kwenye grupu la WhatsApp wazo la saa nne asubuhi saa sita limeshafunikwa na picha za msiba na matangazo ya viwanja.

MCHANGIAJI (Mbagala)

Vijana nimewasoma. Mimi nimekuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi enzi zile, najua ninachokisema. Mwanangu mleta uzi usemayo ni kweli lakini ongeza hili, zamani watu walikuwa wanajifunza kwanza. Tulikuwa na madarasa, tunasoma, tunaelewa bajeti ni nini, ushirika ni nini. Mtu asiyejua halmashauri inafanya nini na wizara inafanya nini atakuletea wazo la barabara ya TANROADS, wale wa barabara kuu za serikali, kwenye kikao cha diwani. Leo mafunzo hayapo, kadi unapewa kwenye mkutano wa hadhara kama karanga. Na la pili, sisi tulipeleka mambo juu, hasa ya maji na usafiri. Majibu hayakuja. Baadaye watu wakaacha kuniambia, nikabaki wa kusaini barua za utambulisho tu.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kutuandikia hili, hasa hilo la watu kuacha kukuambia, maana ndio linalotokea kwenye matawi sasa hivi na viongozi wanasema wanachama wamepoa. Hawajapoa, wamechoka kuongea bila kujibiwa.

La mafunzo nimelichukua. Nadhani haya mawili yaende pamoja, kile kikao cha wazo kiwe ndio darasa lenyewe. Ukimwuliza mtu "hii barabara ni ya nani" na mkatafuta jibu pamoja amejifunza kuliko semina ya siku nzima yenye kalamu na soda.

MCHANGIAJI (Tandika)

Kaka mimi ni mwanamke na ni mwanachama hai nalipa ada. Vikao vyenu vinaanza saa kumi na moja vinaisha saa mbili usiku, mimi saa hiyo niko jikoni au natoka kufunga biashara. Nikifika nimechelewa nakaa nyuma, nikinyoosha mkono naambiwa muda umekwisha. Halafu mnasema wanawake tuna baraza letu. Baraza letu likija kuitwa ni kushona sare na kupokea wageni kwa nyimbo. Nyimbo napenda, ila mimi nina la kusema kuhusu zahanati yetu na dawa za watoto na sijawahi kuulizwa. Wazo lako la kupandisha ajenda ni zuri lakini kama kikao ni usiku umejipandishia ninyi wanaume peke yenu.

MLETA UZI

Dada yangu hili ni kubwa kuliko nilivyoliandika mimi na nashukuru umelisema bila kuzunguka. Unashauri nini kuhusu muda na mahali?

MCHANGIAJI (Tandika)

Tufuateni kwenye vikoba. Tunakutana kila wiki, daftari lipo, katibu yupo, watu wanaongea kwa zamu na hela zao ziko mezani kwahiyo hakuna wa kupiga porojo. Sio mje kutugawia kadi, vikoba vina watu wa vyama vyote na wasio na chama na mkileta siasa mle mtatuvunjia. Mwanachama wenu aliyemo mle ndio akae na wenzake baada ya kikao, wale wanaotaka, aandike. Na mkijibu, jibu lirudi kwake, sio kwa mwenyekiti wa baraza.

MLETA UZI

Nimeelewa na nimeandika. Hiyo ya jibu kurudi kwa aliyeleta, sio kwa kiongozi wake, naiweka rasmi kwenye pendekezo.

MCHANGIAJI (Ukonga)

Mimi swali langu ni kwa wapinzani. Chama tawala kikikusanya mawazo kina serikali kinaweza kutekeleza. Sisi wa upinzani tunaandika sera za nini? Kuanzia 2016 mpaka Januari 2023 hata mikutano ya hadhara ilizuiwa, tulikuwa tunahangaika kuishi tu. Unakusanya mawazo ya watu halafu unayaweka kabatini miaka mitano.

MLETA UZI

Mkuu naelewa hasira hiyo na sitaki kuipunguza. Ila wazo lililoandikwa vizuri huwa halikai kabatini, hata mwenye nyumba mwingine atakuja kuliazima. Mwaka 2010 Dk. Slaa, mgombea urais wa CHADEMA, alizunguka nchi nzima anasema elimu bure mpaka kidato cha sita, wakamwambia haiwezekani. Mwaka 2015 elimu bila ada ikawa kwenye ilani ya CCM na Januari 2016 ikaanza mpaka kidato cha nne, baadaye ikafika mpaka cha sita. Katiba mpya hivyohivyo, ilikuwa kelele za wapinzani kwenye uchaguzi wa 2010, tarehe 31 Desemba mwaka huohuo Rais Kikwete akatangaza mchakato. Kwa hiyo mwanafunzi wa Gongo la Mboto anayesoma leo bila ada amefaidika na sera ya chama ambacho hakijawahi kushika dola. Na ile miaka ya kuzuiwa mikutano, pale vikao vya ndani vilipowezekana, ndio ulikuwa wakati wa kukaa na kuandika. Sehemu nyingi tulikaa tukisubiri jukwaa lirudi, na liliporudi tukapanda na maneno yaleyale.

MCHANGIAJI (Kigamboni)

Mkuu mimi ni katibu kata, upande gani haijalishi. Nimekusoma mwanzo mwisho na nataka kulijaribu. Nipe hiyo karatasi inakuwaje, iwe fupi maana watu wangu hawataki kujaza kurasa. Na nijibu hili, nina matawi kadhaa, kila tawi likileta mawazo matano mimi nitajibu saa ngapi na sina mshahara? Na wazo likikataliwa juu, mwenye nalo nimwambie nini?

MLETA UZI

Katibu mwenzangu karibu sana. Karatasi iwe upande mmoja tu. Juu namba, tarehe, tawi. Halafu shida ni nini, kwa maneno ya mwenyewe usiyapambe, kama kasema "tunanyanyaswa na mgambo sokoni" andika hivyohivyo. Inamgusa nani. Nani mwenye mamlaka nayo kwa sasa, mtaa, halmashauri, wizara au bunge, na hapa katibu wa tawi ndio amsaidie. Tunataka ibadilike iweje. Itagharimu nini au itamnyima nani, kama hamjui acheni wazi, dawati la juu litajaza. Mwisho aliyeleta anataka jibu lake alipate kwa njia gani. Nakala moja ibaki tawini.

La wingi, usiyajibu moja moja. Kabla ya kufika kwako matawi yaunganishe yanayofanana, utakuta mawazo ishirini yote yanazungumzia mambo manne, taka, mikopo, ushuru wa soko na usafiri. Ila ukiunganisha usifute majina ya matawi, kila tawi lijione limo. Na yale ambayo sio sera bali ni kero ya kutatuliwa kesho, mfano bomba limepasuka, mpe mwenyekiti wa mtaa au diwani palepale yasipande juu kujaza kabati. Nadhani ukifanya hivyo utabaki na machache unayoweza kuyajibu bila mshahara, japo kwenye hilo la mshahara ukweli ni kwamba chama chochote chenye ruzuku kingeweza kutenga fungu la kazi hii, na hilo ndilo wazo namba moja nitakalolipandisha kutoka tawini kwangu.

Likikataliwa mpe sababu kwa maandishi, nani kakataa na kikao cha lini. Mwachie haki ya kulileta tena likiwa na hoja mpya, na akitaka kwenda kulisemea mwenyewe kwenye mkutano wa wilaya apewe dakika zake. Kule ANC hata azimio lililopita bado linaweza kukwama, mkutano wa Nasrec 2017 ulipitisha kuchukua ardhi bila fidia, mabadiliko ya katiba yakagonga mwamba bungeni Desemba 2021 kwasababu theluthi mbili haikufika, na kila mwanachama aliweza kuona limekwama wapi na kwa kura ngapi. Watu wako wakiweza kuona hivyo hata kwa wazo dogo la choo cha stendi, watarudi na jingine. Nitumie anwani yako inbox nikupe nakala ya fomu niliyochora, uirekebishe kwa hali ya Kigamboni halafu uibandike hapa na wengine waione.